Hatua Mbili za Mwanga

Wande aliingia studio, hapa Kirumba, saa nane mchana.
Hakuketi.
"Wewe ndiye uliyempiga mama picha kule Igombe?"
Nikasema labda. Nimepiga wengi.
"Alijifunga khanga ya njano. Alikuwa anaanua dagaa."

Nikaikumbuka siku. Mama sikumkumbuka.

Siku ile jua lilikuwa halina adabu,
ziwa limegeuka bati jipya,
na dagaa wametandazwa toka miambani hadi majini,
kila mmoja na jua lake mgongoni.
Magesa, mwenye mzigo, alinilipa elfu thelathini.
"Nataka wang'ae. Mnunuzi auone weupe wao akiwa kwake.
Wakitoka wamefubaa, pesa yangu irudi."

Kamera haijui dagaa, haijui mtu.
Kila uionyeshacho yenyewe hudhani ni kijivu:
ipe shela la bibi harusi, itakupa majivu,
ipe gunia la mkaa, itakupa majivu yale yale.
Lazima uibishie.
Nikabisha, nikazidisha. Ya kwanza nikaitazama:
kilima cha mwanga kimeparamia ukuta wa kulia,
kimemwagika nje,
na dagaa wote ni karatasi, hakuna jicho, hakuna gamba.
Weupe ukiungua umeungua.
Mle ndani hamna wa kumwita akaitika.

Basi nikafunga kitundu, nikaharakisha shata,
nikashuka hatua, nikashuka tena,
mpaka gamba likawa gamba.
Magesa akachungulia kioo, akanipiga bega:
"Hapo! Hapo hapo!"

Na pembeni, kivulini mwa turubai,
kulikuwa na mtu.

Wavuvi wa Igombe wanalijua jambo hili kunizidi.
Wanangoja giza la mwezi ndipo waingie na taa,
mwanga kidogo tu juu ya maji meusi,
na dagaa wanakuja kuutazama.
Mwezi ukijaa, mitumbwi inalala kifudifudi ufukweni:
mwanga uko kila mahali, na hakuna ajaye popote.

"Hana picha nyingine?" nikauliza.
"Ya kitambulisho. Alipigwa akiwa tayari anaumwa.
Hiyo hatuiweki mbele ya watu. Tunazika kesho."

Nikalifungua faili, nikalikuza.
Pembeni pale, weusi wenye umbo la bega;
njano ya khanga peke yake ndiyo iliyodokeza.
Nikaushika mwanga wa picha nzima, nikauvuta juu polepole,
kama mtu anayeinua shuka asimwamshe mgonjwa.
Hatua ya kwanza: mkono, na ungo.
Nusu nyingine: shavu.
Ya pili ilipotimia, Milembe akageuka.
Hapana, hakugeuka.
Alikuwa ametuelekea tangu mwanzo,
alikuwa ananitazama mimi, ana neno mdomoni,
nami nilikuwa nikipima samaki.

Nilidhani giza limemla. Kumbe lilimweka.

Chenga nazo zikajitokeza, nyekundu, kijani,
shavuni, kwenye paji, hadi juu ya kope.
Kuna kitufe cha kuzifuta;
hulainisha uso ukawa kama mshumaa.
Kidole changu kilikuwa njiani.
"Acha," Wande akasema. "Ni mchanga.
Kila jioni alirudi nao hivyo hivyo,
ukimbusu unaung'ata."

Nikachapa kubwa, na fremu juu yake.
Alipotoka nikabaki na nakala mkononi,
nikaitazama kama fundi, maana ndiyo kazi.
Nyuma ya Milembe, dagaa wote wameungua.
Ufukwe mzima ni weupe mtupu, hakuna gamba, hakuna jicho.
Magesa angeidai pesa yake.